Matokeo ya Ulaya Yalivyotufikia Observatory

Mwaka 2008, kipupwe kilipokuwa kinaanza kuuma Johannesburg, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, na mume wangu alikuwa hai. Tulipanga chumba kimoja katika mtaa wa Berea, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujahamia. Yeye alikuwa fundi cherehani Yeoville. Mimi niliwauzia wasusi wa nywele vitumbua na chai ya tangawizi. Jumapili, tarehe 18 Mei, tulitoka kanisani tukakuta mlango wetu umelala chini. Cherehani haikuwapo, godoro halikuwapo, hata pazia lilikuwa limeng'olewa pamoja na misumari yake. Jirani yetu, mama wa Kizulu ambaye tulizoea kuazimana chumvi, alisimama kwenye ngazi akasema kwa sauti ndogo, "Wamesema wageni watoke, na kwamba watarudi. Msilale hapa."

Hatukulala pale. Tulilala kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa pamoja na Wakongo, Wamalawi na Wamsumbiji, saruji ikitupanda mifupani, mpaka tulipoambiwa kwamba mji umetulia.

Mume wangu alikuwa Mrundi, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kufukuzwa. Mwaka 1972 alikimbia akiwa mtoto mgongoni mwa dada yake, akavukishwa hadi kwetu Kigoma, na huko ndiko nilikompata. Mwaka 1993, mwezi Juni, watu wa kwao walipiga kura, mshindi akatangazwa, ngoma zikapigwa. Aliniambia, "Sasa nina nchi," tukafunga mizigo tukarudi. Mwezi Oktoba rais aliuawa. Tulifunga mizigo ile ile kwa kamba zile zile, na mwishowe tukafika Johannesburg. Tangu hapo, nyumbani kwetu, matokeo ya uchaguzi hayakuwa habari za kuzungumza wakati wa chakula. Yalikuwa mbiu ya mgambo.

Tuliporudi Berea kutoka ule ukumbi wa kanisa, mume wangu alianza desturi ambayo hakuijadili nami. Kila jua lilipotua alisukuma kabati la nguo hadi kwenye mlango. Kabati lilikuwa zito, ndiyo sababu halikuibwa, naye kifua kilikuwa kimeshaanza kumbana. Alisukuma, akapumzika, akasukuma. Nilipotaka kumsaidia alinizuia kwa kiganja. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Julai, kwa kifua hicho hicho. Watu waliokuja matangani walisema amekufa kwa baridi. Mimi sikuwasahihisha, lakini pia sikuwaitikia.

Siku chache baada ya maziko, jua likitua, nilisikia kabati likiburuzwa. Niligeuka. Kabati lilikuwa mahali pake. Sikumwambia mtu. Mimi si mwanamke wa kuwaambia watu kwamba nasikia vitu.

Nilijifunza kusoma ukubwani. Niliingia darasa la jioni la kanisa nikiwa na miaka thelathini na tisa, na mtihani wa matriki, ule wa kumaliza sekondari, niliufaulu mwaka 2011, nikiwa na miaka hamsini na mmoja, katika chumba kilichojaa vijana walionipa kiti cha mbele kwa heshima. Aliyejifunza kusoma ukubwani huzishika tarehe kama mtoto ashikavyo upindo wa nguo ya mama yake sokoni. Ndiyo maana nazitaja.

Kusoma huko ndiko kulikonipa kazi. Mwezi Februari 2009 nilipanda kilima cha mtaa wa Observatory kumwona mwanamke mzee wa Kiingereza, mjane kama mimi, ambaye macho yake yalikuwa yanaingia ukungu na alitaka mtu wa kukaa naye mchana na kumsomea. Alikuwa amekulia Kenya, katika shamba la baba yake karibu na Nakuru. Baadaye aliishi Uingereza, na mwaka 2003 akaja Johannesburg kwa ajili ya mapafu ya mumewe. Kiswahili alikuwa nacho, lakini kilikuwa kile cha kuamrisha.

"Wewe najua soma Kingereza?" aliniuliza.

"Ninajua kusoma Kiingereza," nilimjibu, "na ninajua kumsikia mtu anayeniomba."

Alinitazama kwa macho yale ya maziwa, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Tafadhali," alisema. Alikuwa amezoea kuitwa memsabu. Mimi nilimwita Bibi, naye akaniita Mama, na hilo halikujadiliwa tena.

Katika nyumba ya pili, ng'ambo ya ukuta, aliishi mzee wa Kireno, mgane, mwenye duka la mboga na matunda chini ya kilima, upande wa Yeoville. Alizaliwa Msumbiji, akatoka huko mwaka 1975. Alikuwa na binti mmoja, muuguzi. Mimi nilikuwa na mwana mmoja, ambaye kila Jumamosi alikuja kupogoa mabogenvilia ya Bibi. Kitu cha kwanza kilichopita juu ya ule ukuta kilikuwa ngazi ya kuazima. Vilivyopita baadaye sikuulizwa.

Mwanangu na binti huyo walifunga ndoa ofisini, Ijumaa, tarehe 12 Novemba 2010. Siku hiyo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, mlinzi wa lango katika jengo moja hapo Berea, alivaa koti akamwendea mzee wa Kireno ili wapange siku ya mahari, maana yeye ndiye aliyesimama mahali pa kaka yake. Mzee alimpungia mkono. "Mambo ya lobola tutayamaliza siku nyingine. Leo tule." Tulikula. Njiani kurudi, shemeji alikuwa amenuna. "Shemeji," aliniambia, "mke asiyetolewa mahari ni mgeni ambaye bado hajafungua sanduku."

Mwezi Agosti 2011 waliondoka. Binti alikuwa na pasipoti ya Ureno, na kwa pasipoti hiyo alikuwa na haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza bila kumwomba mtu; mwanangu alimfuata kama mume. Walikaa katika mji mdogo wa mashariki ya nchi hiyo, mji wa mashamba ya viazi na viwanda vya kufungasha kuku. Mke aliuguza wazee, mume aliendesha mashine ya kupakia mizigo. Mwaka 2013 walipata mtoto wa kike. Sikuwa nimempakata. Nilimwona kwenye simu, akijaribu kuila simu.

Basi mtu aelewe kilichokuwa hatarini mwaka 2014. Kukaa kwa mwanangu kule kulining'inia kwenye uzi mmoja: mke wake alikuwa raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, na Uingereza ilikuwa ndani ya Umoja huo. Ukikatika uzi huo, sikujua angesimama juu ya nini.

Mwezi Mei mwaka huo ulikuwa wa kura kila upande. Jumatano ya tarehe 7 walipiga kura Waafrika Kusini, na mimi nilikaa ndani, kama ilivyo desturi yangu siku za namna hiyo. Kisha ikaja zamu ya Ulaya, kuchagua wabunge wa bunge lao. Bibi, ambaye bado alikuwa na haki ya kupiga kura kwao, alipigiwa kura hiyo kwa niaba yake na mpwa wake aliyeko Kent, Uingereza. Mzee wa Kireno alivaa tai Jumamosi, tarehe 24, akaenda kupiga yake kwenye ubalozi mdogo, akarudi akilalamika kwamba alikuta watu wachache kama kwenye maziko ya mtu mbaya.

Jumatatu, tarehe 26 Mei, alasiri, tulikaa barazani kwa Bibi, upande unaopata jua. Nyasi za kilima zilikuwa zimeshageuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kutumika, na kulikuwa na harufu ya moshi wa moto wa porini. Nilimfungulia Bibi kompyuta yake nikamsomea.

"Soma tena hiyo," alisema.

Nikasoma tena. Kule Uingereza, chama kilichotaka nchi ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya kilikuwa kimevishinda vyama vyote.

Bibi alipiga kofi moja, kijiko kikaruka kwenye sahani. "Mimi nasema! Mimi nasema siku mingi! Sasa sisi natoka!"

"Mnatoka wapi?" aliuliza mzee wa Kireno, akichovya biskuti. Yeye alisema Kiingereza, na Bibi alimjibu kwa lugha yoyote iliyomjia kwanza. "Hilo ni bunge la Brussels. Mmechagua watu waende Brussels wakaseme hawataki kwenda Brussels. Watakaa huko, watakula huko, watazeeka huko."

"Waziri Mkuu iko nasema tapiga kura ya maoni. Toka au kaa."

"Akishinda mwakani. Kwanza ashinde. Bibi, mtu akigombana na mkewe hutishia kuondoka kila Jumamosi. Jumapili unamkuta mezani."

"Na siku moja hapana mkuta," alisema Bibi.

"Siku moja, ndiyo," alisema mzee, akaiangalia biskuti yake iliyokwisha kuvunjikia ndani ya chai.

Walibishana muda mrefu. Bibi alisema matokeo yale ni onyo. Mzee akauliza ni onyo kwa nani, kwa wakubwa wa Brussels au kwa wachuma viazi. Bibi alisema hana neno na wachuma viazi, yeye ana neno na sheria zinazotungwa na watu asiowachagua. Mzee akamwambia kwamba katika mji ule wanakokaa watoto wetu hakuna anayegombana na sheria, wanagombana na jirani anayepika samaki wa chumvi. Bibi akasema hiyo ni kweli kidogo. Mzee akasema, hata kidogo inatosha kuvunja dirisha.

Kwangu hapakuwa na mjadala kuhusu maana ya matokeo, maana matokeo nilikuwa nayajua tangu mwaka 1993. Nilitaka kujua jambo moja tu, nikaliuliza.

"Wamepewa siku ngapi?"

"Nani?" aliuliza Bibi.

"Wageni."

Bibi alicheka, na nadhani hakucheka kwa ubaya. "Mama! Hii hapana Burundi. Kule iko karatasi, iko kamati, iko chai. Miaka mingi tapita."

Mzee wa Kireno hakucheka. "Sisi tulipewa saa ishirini na nne na kilo ishirini za mizigo," alisema. "Mke wangu alizitumia kilo zake kubeba mashuka. Mashuka! Nilimgombeza mpaka mpakani." Alimgeukia Bibi. "Na nyinyi, kule Kenya?"

"Sisi hapana fukuzwa," alisema Bibi kwa ukali. "Baba nauza shamba."

"Alitaka kuliuza?"

Bibi alipapasa meza akitafuta kikombe chake. Nilimsogezea. Alikunywa, akakirudisha, akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba baba yake aliwapiga risasi farasi wote asubuhi ile ya kuondoka, kabla gari halijaja, kwa sababu hakutaka wamsikilize mtu mwingine. Kisha akaniomba nimsomee habari za kriketi.

Jioni hiyo nilimpigia simu mwanangu nikiwa bado nimesimama, mtandio kichwani.

"Weka vyeti vyote mahali pamoja," nilimwambia. "Cha ndoa, cha mtoto, vyote. Na viatu vya mtoto viwe karibu na mlango."

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba. Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Mama, hakuna anayekuja. Watu wamepiga kura, wamerudi kazini. Leo kiwandani tumefungasha kuku kama jana."

"Hata mimi, siku moja kabla ya mlango wetu kuvunjwa, nilikuwa nimeuza vitumbua."

Nilimsikia mtoto akipiga kijiko. "Kuna jambo moja tu," alisema. "Jirani yetu, yule mzee wa mbwa, hajawahi kunisalimu tangu tuhamie. Leo asubuhi alinisalimu. Akanishika na mkono. Sijui maana yake."

Hata mimi sikujua. Nilikaa kitandani nikiifikiria salamu hiyo, na jua lilikuwa linatua nyuma ya majengo ya Hillbrow, na kabati likaanza kuburuzwa. Ilikuwa imepita karibu miaka mitatu bila mimi kulisikia. Lilisukumwa, likapumzika, likasukumwa. Shemeji alikuwa amepita kunisalimu kabla ya zamu yake. Alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki akifunga kamba za viatu, na hakuinua kichwa.

"Umesikia habari za Ulaya?" nilimuuliza, ili nisikie sauti ya mtu.

"Eish, nimesikia. Redio ya langoni haisemi kingine." Alivuta kamba. "Matokeo yakitoka, shemeji, anayefunga mizigo huitwa mwoga, na asiyefunga huitwa marehemu. Kaka alikuwa akisema hivyo."

"Kaka yako hakusema hivyo hata siku moja."

"Basi nimesema mimi," alisema, akaenda kazini.

Alhamisi, tarehe 29, mzee wa Kireno alikuja barazani asubuhi, bila kungoja chai, akaweka funguo za duka juu ya meza. Bibi alikuwa bado chumbani.

"Nimefikiri siku tatu," aliniambia. "Wewe uliuliza swali la maana kuliko sisi wote. Sitaki wangoje kuambiwa wamepewa siku ngapi. Mimi ni mzee, duka linahitaji mtu. Waje walichukue. Nitamwita binti yangu arudi nyumbani."

"Ana mume," nilisema.

"Mume ambaye hajaleta kitu." Alisema kwa tabasamu, lakini kidole chake kilikuwa juu ya funguo. "Mkwe wangu, mimi nimezaliwa Afrika. Naijua sheria yenu. Lobola isipotolewa, baba anaweza kumwita mtoto wake siku yoyote, naye mtoto anakuja, na mume ananyamaza. Sivyo?"

Ndivyo ilivyo. Shemeji alikuwa amelisema tangu mwaka 2010, na mzee huyu aliyetupungia mkono siku ile alikuwa amelihifadhi neno hilo kama mtu anayeacha dirisha moja bila komeo.

Lazima niseme jinsi nilivyolipokea. Moyo wangu ulishangilia. Mwanangu chini ya kilima, umbali wa kutembea kwa miguu; mjukuu mgongoni mwangu, nikishuka naye kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Nilikuwa mwanamke mwenye kaburi moja na simu moja katika mji mzima. Nilizitazama zile funguo, nikaona tayari nikizikabidhi. Kisha nikaona mahali duka lenyewe lilipo.

"Mwaka 2008," nilimuuliza, "duka lako liliguswa?"

"Hapana. Walipita tu."

"Walipita wakienda kwetu. Mwanangu ana ngozi ya baba yake na jina la baba yake, mkwe. Akisimama nyuma ya ile kaunta hawatapita tu."

Mzee alishusha macho. "Na huko je?"

"Huko sijui."

"Basi huko hujui, na hapa unajua."

"Hapa najua," nilisema. "Ndiyo sababu."

Hatukuelewana zaidi siku hiyo. Aliondoka, akaziacha funguo mezani kwa makusudi. Bibi alipotoka alizipapasa kwa kidole, akauliza ni za nani, na nilipomweleza alisema, "Yeye iko ogopa. Mimi pia naweza kuwa naogopa, lakini mimi napiga kura." Sijawahi kujua kama alikuwa anajisifu au anajilaumu.

Wiki mbili zilipita. Kila jua lilipotua kabati liliburuzwa, na mimi, ambaye nilikuwa nimejifunza kutogeuka, nilianza kusikiliza. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza lugha ambayo ameisikia utotoni. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache lakini mwenye kusema mengi kwa mikono; kila alichokishona kilikaa. Nilijiuliza siku zile za mwisho alikuwa anamzibia nani mlango. Sikuzote nilikuwa nimeamini anawazuia wanaokuja. Lakini kabati mlangoni halimzuii anayeingia tu. Mtu aliyefukuzwa mara tatu, aliyeambiwa mara tatu na watu wengine kwamba sasa ni wakati wake wa kuondoka, haiwezekani kwamba alitaka pia kujizuia mwenyewe? Kusema, safari hii, miguu hii haitoki mpaka niiambie mimi?

Nilipata aibu kidogo, maana nami nilikuwa nimewaagizia safari bila kuwauliza, nikashika simu. Jumapili, tarehe 15 Juni, baada ya ibada, nilipiga, nikaomba kuzungumza na mke wa mwanangu, si na mwanangu mwenyewe.

"Baba yako anataka kukuita," nilimwambia. "Wewe unataka nini?"

Alikuwa ametoka zamu, sauti imechoka. Kiswahili alikuwa amejifunza kwangu, jikoni kwa Bibi, na alikisema vizuri kuliko watoto wengi waliozaliwa Yeoville. "Mama, kila uchaguzi baba ananiita. Wa hapa, wa huko, wa Ureno. Ananiita tangu nilipoondoka. Mtoto anaanza kutembea, nami nyumba yangu bado iko kwenye masanduku." Alivuta pumzi. "Wakitutoa, watakuwa wametutoa. Tukichoka, tutaondoka. Lakini nataka iwe mimi na mume wangu tumesema. Hilo tu."

"Na mume wako?"

"Yuko hapa. Ameweka viatu vya mtoto mlangoni kama ulivyoagiza. Tunavikanyaga kila siku."

Tulicheka, sote wawili, na nikakata simu kabla kicheko hakijageuka.

Jioni ile nilimwita shemeji. "Tulipe mahari," nilisema. Alinitazama kama mtu aliyengoja basi mpaka akasahau alikuwa anakwenda wapi. "Ng'ombe hatuna," alisema. "Lakini jembe halikosekani." Kwao, hata maskini asiye na ng'ombe hupeleka jembe, na jembe likipokewa, mwanamke ni wa nyumba ile, na baba yake hana tena neno la kumrudisha, isipokuwa mwenyewe aje kwa miguu yake. Alilinunua katika duka la vifaa vya ujenzi, jipya, na mpini akauchonga mwenyewe langoni wakati wa zamu yake.

Nilimweleza mzee wa Kireno siku tunayokuja na sababu ya kuja, nikamrudishia funguo zake. Hakusema tusije.

Tulikwenda na shemeji, koti lake limepigwa pasi, na wazee wawili wa kanisa la Warundi waliobeba kreti za soda. Desturi inataka kila upande uwe na msemaji, maana wenye watoto wenyewe hawafai kusemeshana. Watalia au watagombana. Mzee wa Kireno hakuwa na ndugu Johannesburg. Tulimkuta sebuleni kwake ameketi, na kando yake, kwenye kiti cha juu, ameketi Bibi, na kofia.

"Mimi msemaji," alitangaza.

Wazee wa kanisa walitazamana. Shemeji aliinamisha kichwa kwa heshima zote. "Hodi katika nyumba hii. Tumepita, tumeona ua limechanua, tukauliza ni la nani."

"Ua hapana iko," alisema Bibi. "Ua nakwenda Uingereza. Nyinyi nachelewa miaka mine."

Hata mzee wa Kireno alicheka. Shemeji alifuta uso kwa leso, lakini alikuwa mtu wa kazi yake. "Msemaji amenena kweli. Tumechelewa. Kwa kuchelewa tunaleta soda."

"Soda gani?"

"Za rangi zote."

"Sawa. Endelea."

Akaendelea. Alisema kwa Kiswahili na Kirundi, mzee mmoja wa kanisa akitafsiri kwa Kiingereza, kwamba ukoo wa kaka yake umetawanyika mara nyingi, na kila mara waliotawanywa hawakuulizwa. Kwamba hatujui huko waliko watoto wataachwa au wataondolewa, na hata walio na kura wanabishana hawajui. Kwamba hatukuja kuwaombea wakae, wala hatukuja kuwaita warudi. Tumekuja ili, lolote litakalokuja, wawe nyumba moja, na neno la nyumba hiyo liwe lao. Kisha akaliweka jembe juu ya zulia, mbele ya miguu ya mzee.

Bibi aliniuliza kwa sauti ya chini ni kitu gani. Nikamwambia. Aliinama kwenye kiti chake, akakigusa chuma chake kwa ncha za vidole, mpaka kwenye ukingo, akaondoa mkono haraka. "Mzee," alisema kwa Kiingereza, "mimi siwezi kulijibu hili. Jibu mwenyewe."

Mzee wa Kireno alilitazama jembe muda mrefu. Juu ya kabati lake la vyombo palikuwa na picha ya marehemu mkewe, mwanamke mwenye kidevu cha mtu asiyekubali kugombezwa. "Nikilichukua," alisema mwishowe, "nikimwita hatakuja."

"Ukimwita atakusikia," alijibu shemeji. "Kuja ni kwake yeye na mumewe. Unaweza kumkaribisha kila siku. Kumkaribisha hakuna anayekukataza."

"Na wakifukuzwa huko?"

"Basi atakuwa na mlango huu, na mlango wa mama wa mumewe. Milango miwili."

Mzee alinigeukia. Yote niliyoyaogopa alikuwa ameyaogopa kabla yangu, akiwa na kilo zake ishirini. Nilimwambia tu, "Pokea, mkwe."

Aliinama, magoti yakilia, akaliinua. Mmoja wa wazee wa kanisa alipiga kigelegele cha kiume, kibaya sana, na Bibi akauliza kama hiyo ndiyo ishara ya kunywa soda. Shemeji alimwomba mzee aseme kwa mdomo wake, maana mkono bila neno haushuhudiwi. Simu ilikuwa imewashwa mezani. Kule Uingereza walikuwa wanasikiliza, tuliweza kumsikia mtoto.

"Nimepokea," alisema mzee. "Sina binti wa kumwita. Nina binti wa kumkaribisha."

Kutoka mezani sauti ya binti yake ilisema neno moja la Kireno, ambalo sikulielewa na sikuomba kutafsiriwa.

Baadaye, soda zikinywewa, Bibi alimuuliza mzee tena, kwa uchokozi wake wa kawaida, kama sasa anadhani Uingereza itatoka au haitatoka. Hilo halikuwa letu kulimaliza, na waliokuwa na kura walikuwa bado wanabishana. Letu lilimalizika Jumamosi, tarehe 28 Juni 2014, alasiri, Observatory, mzee wa Kireno akiwa amesimama katikati ya sebule yake, ameshika jembe kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi.